Upinde Haumngoji Mtoto Akue

Risala ya Klabu ya Upinde ya Ukingoni, Manga, kwa mgeni rasmi, Bwana Duke Anyona, siku ya kupokea pinde mpya. Inasomwa na Beverlyne Nyanchera, Gredi ya Nane.

Mgeni rasmi, Bwana Duke Anyona, Mwalimu Mkuu, Mwalimu Ongeri, mlezi wa klabu, Mama Bathsheba, mwenyekiti wa wazazi, Kocha Purity uliyetoka Kisii mjini asubuhi na mapema, wazazi wetu, na wanafunzi wenzetu mlioketi kwenye nyasi: tunawasalimu nyote. Kama yupo aliyestahili kutajwa nasi hatukumtaja, atuwie radhi. Wingu lile juu ya ukingo wa mlima linatukimbiza, na tuna neno tunalotaka likufikie kabla mvua haijatufikia.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu nyumbani. Hatukukaribishi kama mtu wa mbali, maana wewe ulisoma hapa hapa kabla hujaenda kufungua duka lako la vifaa vya ujenzi huko Kisii. Picha yako iko ukutani nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu. Uko mstari wa mbele katika kwaya, mdomo wazi, na sweta uliyovaa imekufika karibu na magoti. Mikono ya sweta umeikunja hadi imefanya mabonge, na bado vidole havionekani. Tuliicheka picha hiyo sana. Halafu tukajitazama, tukaacha kucheka, kwa sababu sweta zetu ni hizo hizo.

Tunaomba uikumbuke sweta ile. Tutairudia mbele.

Tunakiri pia kwamba risala hii imeandikwa mara mbili. Ya kwanza ilikuwa safi, ina maneno kama "adhimu" na "aushi", na Mwalimu Ongeri aliipenda. Leo asubuhi pikapu yako ilipofika na kushusha zawadi, tuliruhusiwa kufungua boksi moja. Tulitazama kilichomo, tukatazamana, tukarudi darasani kuiandika upya. Ndiyo maana mwandiko si mzuri, na msomaji akikwama mahali, mjue ni hati na si woga. Woga nao upo, lakini huo ni mwingine.

Mwalimu Ongeri alipoisoma hii ya pili aliirudia tangu mwanzo. Kisha akasema, "Mgeni haambiwi kwamba zawadi yake iko na shida." Tukamwambia tunajua. Akazungukazunguka dirishani. Akasema, "Basi someni. Lakini msome kwa heshima, na msikimbize maneno." Heshima tumeiweka. Hilo la kukimbiza maneno, tunajitahidi.

TULIKOTOKA

Klabu hii ilianza siku Kocha Purity alipokuja kwenye siku yetu ya michezo na upinde wake begani. Kabla ya hapo, upinde tulioujua ni ule wa fimbo ya mpera na kamba ya katani, wa kufukuzia ndege kwenye mashamba ya wimbi. Kocha alirusha mshale mmoja ukaingia katikati ya shabaha ya nyasi kwa mlio mdogo tu. Tangu siku hiyo hatukumwacha Mwalimu Ongeri apumue.

Wazazi hawakukubali upesi. Walisema mishale si mchezo, wengine wakasema mtoto aliyetumwa shule atarudi na jicho moja. Mtu wa kuwageuza alikuwa Mama Bathsheba. Yeye huuza sare za shule sokoni Birongo, na hakuna mtoto hapa ambaye hakuwahi kusimamishwa mbele ya meza yake akapimwa kwa macho. Aliwaambia wazazi kwamba watoto wa mjini wanajifunza kuogelea, wanajifunza piano, na wa Manga nao wapewe kitu. Wazazi wakachanga, na Mama Bathsheba akatumwa na wenzake kwenda kununua pinde.

Mgeni rasmi, ili uelewe yaliyotokea, lazima tukwambie jinsi Mama Bathsheba anavyouza sweta. Mzazi anakuja na mtoto mdogo. Mama anamtazama mtoto, anainua sweta ya kijana wa kidato cha pili, anaiweka mabegani pake. Mzazi anasema, "Hii si ni kubwa?" Mama anasema, "Mtoto anakua. Sweta iko hapo inamngoja." Mzazi anakubali, kwa sababu ni kweli. Sote tumekua ndani ya sweta kubwa, na zikitubana zinaenda kwa wadogo zetu.

Basi hata huko kwenye pinde alifanya vivyo hivyo. Tulimwomba ruhusa ya kuyasema maneno yake, naye akajibu, "Semeni. Mimi mwenyewe nitakuwa hapo mbele nimekaa." Alitusimulia hivi: "Mwenye duka aliniuliza, hizi ni za watoto wa miaka gani? Nikamwambia, wewe lete kubwa. Watakua nazo. Kwani hawa watoto watabaki hivyo?" Kocha Purity hakuwepo, na hakuna aliyefikiri ni lazima awepo. Sisi wenyewe, pinde zilipofika, tulishangilia. Kila mmoja alitaka ule mrefu kuliko wote.

CHANGAMOTO

Kwa kawaida, Bwana Anyona, mafanikio hutangulia changamoto. Tumeyapindua, kwa kuwa mafanikio yetu yalitoka ndani ya changamoto, na ukiyasikia kwanza utadhani tulizaliwa na akili.

Upinde mkubwa haumshindi mtoto mara moja. Hilo ndilo baya lake. Ungekuwa hauvutiki kabisa, tungeuweka chini tukaenda kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Lakini unavutika kidogo, halafu kidogo tena, ukitumia mgongo, ukirudi nyuma kama mtu anayemtoa ng'ombe kwenye matope. Tulijifunza kuvuta namna hiyo. Tulikuwa tunachekana, tunapigiana makofi. Hatukuwa na mstari wa kusimamia, hatukuwa na filimbi. Kila mtu alisimama alipopenda ili aone vizuri.

Mwenzetu Ochoki ndiye aliyekuwa na nguvu kutuzidi, maana hubeba magunia ya majani chai na mamake mpaka kituo cha kuuzia chai. Ijumaa moja alishika ule upinde mrefu. Alivuta hadi karibu na kidevu, mahali ambapo hakuna mwingine aliyewahi kufika. Sisi tukapiga kelele, "Vuta! Vuta!" Mkono wake wa mbele ukaanza kutetemeka. Tuliuona ukitetemeka. Angeshusha, lakini nani anashusha watu wakimshangilia? Kiwiko kikalegea, upinde ukapinda kando mkononi mwake, na mshale ukatoka bila yeye kuuachilia. Haukwenda kwenye shabaha. Mwenzetu mmoja alikuwa amesogea mbele ili aone, na ulimpata chini ya jicho.

Mgeni rasmi, hapa risala imeandika "mwenzetu". Mwenzetu ni mimi. Kovu unaloliona, nadhani ulilitazama nilipokupa mkono ukaona haya kuuliza, ndilo hilo.

Nilipelekwa hospitalini Nyamira kwa boda boda, nikiwa katikati ya mwendeshaji na Mwalimu Ongeri. Mwalimu alinishika kichwa njia nzima, akiomba kwa Ekegusii, na kila tulipopita shimo alisema "pole, mwanangu", kana kwamba shimo alilichimba yeye. Daktari aliniambia ni upana wa kidole tu ulioliokoa jicho. Jicho ninalo, na ndilo ninalosomea sasa. Tunarudi kwenye sisi.

Ochoki hakuja shuleni kwa majuma kadhaa. Mamake alikuja nyumbani kwa kina Nyanchera na jogoo, akaketi naye mapajani. Babake Nyanchera akamwambia, "Hii si makosa ya mtoto. Huyo mtoto tulimpa kitu ya mtu mzima." Jogoo alirudishwa akiwa hai, na Ochoki akarudi shule. Siku hizi anakaa dawati moja na huyu anayekusomea. Lakini alisema hatashika upinde tena, na akiona watu wanajipanga kiwanjani alikuwa anakwenda kufagia darasa lisilo na uchafu.

Ndipo tulipoelewa jambo ambalo Mama Bathsheba analisema sasa yeye mwenyewe kila akikutana na wazazi. Sweta humngoja mtoto. Upinde haumngoji.

MAFANIKIO

Kocha Purity alipopata habari alikuja siku ya pili yake, na hakuja na maneno mazuri. Pinde kubwa zote alizifungia kwenye stoo, ufunguo akaondoka nao. Aliporudi alileta pinde zake chache nyepesi. Mmoja mdogo sana tuliuita Kadogo. Wavulana waliudharau, wakasema ni wa watoto wa chekechea.

Tunataka ujue jinsi Kocha anavyomchagulia mtoto upinde, maana hilo ndilo la maana kuliko yote katika karatasi hizi. Haulizi umri. Haulizi gredi. Hatazami urefu peke yake, maana Ochoki ni mrefu na hilo halikutusaidia. Anakupa upinde bila mshale. Unavuta hadi kidevuni, unatulia hapo, na unataja majina ya ndugu zako wote polepole, kama unawaita kula. Mkono ukitetemeka kabla hujamaliza, upinde huo si wako. Waliozaliwa peke yao hutaja na binamu. Kisha unarudisha kamba taratibu, kwa mkono ule ule. Huiachilii hivi hivi, kwa kuwa upinde ukiachiliwa bila mshale huweza kupasuka usoni pako.

Halafu anapima mikono. Unainyoosha kando, naye anachagua mshale ambao ukivutwa hadi mwisho bado unapita mbele ya mkono ulioshika upinde. Mshale mfupi unaweza kuvutwa hadi nyuma ya upinde, na ukiachiliwa ukaingia kwenye mkono wako mwenyewe. Hilo nalo hatukulijua. Tulikuwa tunatumia wowote tuliouokota.

Sasa tuna mstari wa chokaa, na hakuna anayeuvuka mishale ikiwa mkononi mwa mtu. Tuna filimbi: mlio mmoja ni kurusha, milio miwili ni kwenda kuchukua mishale, na milio mitatu ni kila mtu ashushe upinde chini papo hapo, bila kuuliza sababu. Kanuni inasema mwenye filimbi anaweza kupuliza hiyo mitatu kwa yeyote, awe mwanafunzi au mwalimu. Shabaha tumezihamisha. Zamani zilitazama njia ya miguu ambako mama zetu hupita na majani chai. Sasa zinatazama tuta la udongo chini ya mlima, na wanafunzi wawili husimama njiani na vitambaa vyekundu. Akina mama wanawatania, wanawaita askari wa trafiki, lakini wanasimama.

Tulikwenda kushindana Kisii. Hatukurudi na kikombe. Tulirudi wote wazima, na Mwalimu Ongeri alisema kwake hicho ni kikombe. Na Kadogo, mgeni rasmi, sasa unagombaniwa hadi tumeuwekea zamu.

Lakini mafanikio makubwa ni haya. Mwezi uliopita Ochoki aliacha ufagio. Alikuja mwenyewe mstarini, akauomba Kadogo. Nyanchera alisimama nyuma yake, nyuma ya mstari. Ochoki alivuta, akataja ndugu zake wote hadi kitindamimba, na mkono ukatulia. Mshale uligusa ukingo tu wa shabaha. Tulishangilia mpaka Mwalimu Mkuu akatoka ofisini kuuliza nani ameumia.

MAOMBI

Katika risala ya kwanza maombi yalikuwa paa la stoo na nyasi za kusukia shabaha. Tumeyafuta. Paa livuje tu.

Mgeni rasmi, pinde ulizotuletea ni nzuri kuliko zote tulizowahi kuona. Tumezipokea kwa mikono miwili, na tunasema kwa moyo wote: mbuya mono, asante sana. Ungeweza kutununulia mipira kama wengine, au kutupa ahadi kama wengine. Wewe ulisikia watoto wa Manga wanarusha mishale, ukafunga safari na pinde halisi. Tangu asubuhi tunawaza jinsi ya kukwambia haya yanayofuata bila kukuumiza.

Ni kubwa. Kwenye kila boksi imeandikwa nambari ile ile ya ratili za kuvuta, na Kocha Purity alipoiona alifumba macho. Ni uzito wa kuvutwa na mwanamume aliyefanya mazoezi. Ule tulioufungua asubuhi, Ochoki aliujaribu bila mshale. Hakumaliza jina la ndugu wa pili. Tunajua ulivyofikiri, maana ndivyo tunavyofikiri sote: watakua nazo. Ulilelewa ndani ya ile sweta ya pichani. Hatuwezi kukulaumu kwa jambo ambalo kila mama hapa angelifanya, na ambalo Mama Bathsheba alilifanya akitupenda.

Sasa, kwetu hapa mgeni akileta sukari, chai hupikwa kwa sukari hiyo hiyo akiwa bado ameketi, ili aone zawadi yake imefika mdomoni. Ndivyo ilivyo hata leo. Ukitazama ratiba uliyopewa, baada ya risala hii imeandikwa kwamba mwanafunzi Ochoki atazindua pinde mpya kwa kurusha mshale wa kwanza mbele ya mgeni rasmi. Ratiba ilichapishwa kabla boksi halijafunguliwa. Tulimwambia Ochoki akatae. Alisema, "Nitavuta tu. Mgeni ametoka mbali. Nikikataa watasema tuko na kiburi, na kesho hakuna mtu atatuletea kitu." Mnamwona pale, kando ya meza. Tayari amevaa kinga ya mkono. Amejipangusa viganja kwenye suruali tangu tulipoanza kusoma, na bado anajipangusa.

Ombi letu la kwanza, na tungekuwa na moja tu tungeomba hili: mfawidhi wa sherehe atakapoliita jina la Ochoki, tunakuomba uinuke wewe. Uuchukue ule upinde mkononi mwake. Wewe ni mtu mzima, na Kocha atasimama nawe. Vuta wewe, urushe wewe, na zawadi itakuwa imetumika mbele ya aliyeileta, chai itakuwa imepikwa. Hakuna mzazi atakayesema tumekuaibisha. Na ukivuta, tunakuomba usikilize bega lako linavyosema, halafu utazame mabega yetu.

La pili, tunaomba pinde hizi zibadilishwe kwa nyepesi. Chache zibaki kwa ajili ya walimu, na kwa ajili yetu siku tutakapokuwa wakubwa kweli. Siku hiyo ipo, hatuna haraka nayo. Hata zikibadilishwa zikawa nusu tu ya hizi, tumezoea kupokezana.

La tatu, mtu yeyote akinunulia mtoto upinde, aende naye dukani. Amsimamishe kama anavyomsimamisha mbele ya meza ya Mama Bathsheba, ila safari hiyo apime kweli. Mama Bathsheba amekubali kuja, na amesema atabishana na mwenye duka upande wa udogo.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tumekaribia mwisho, na wingu nalo limekaribia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaomba leo tupone kwelikweli, si kwa methali.

Kama tumevuka adabu, kosa ni la klabu nzima wala si la Ochoki, wala Mwalimu Ongeri. Ila kuna jambo moja la kanuni tusingependa ulisikie kwa mshangao. Leo zamu ya filimbi ni ya msomaji wa risala hii. Iko shingoni mwangu, unaiona. Hatupendi kuipuliza mbele ya mgeni, wazazi na Mwalimu Mkuu, na Mungu anajua tumeomba isifike huko. Lakini mkono wa Ochoki ukianza kutetemeka, hatutapiga kelele "Vuta" tena. Tutapuliza mara tatu.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, akulindie macho ya watoto wako, akupandishe na kukushusha salama milima hii ya kwetu. Na ile picha ya kwaya tutaitunza ukutani, karibu na nafasi tuliyoiacha kwa ajili ya picha ya leo, ambayo tungependa iwe ya mgeni rasmi akiwa ameshika upinde unaomtosha.

Ni sisi wako,

Klabu ya Upinde ya Ukingoni, Manga,
tukiwa wote nyuma ya mstari.